Kliniki ya Mbale walikoniuliza damu inaanza siku ya ngapi

Nimefika kliniki hii mara 5 kati ya Februari na Juni mwaka huu, kwa sababu ya damu iliyokuwa inanitoka katikati ya mzunguko, na kila nilipotozwa nimelipa kutoka mfukoni mwangu. Jina lake sitalitaja. Nina sifa za kuwapa, nina malalamiko pia, na kuna nesi mmoja pale ambaye sitaki aitwe ofisini kwa sababu ya maneno yangu. Itoshe kusema ni kliniki binafsi ya akina mama, iko Mbale mjini, mashariki mwa Uganda, ghorofa ya pili, na ukikaa kwenye benchi la kusubiri unauona mlima Wanale dirishani.

Mimi ni karani katika ofisi ya kuondosha mizigo forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nina miaka 33. Kutwa nashinda na madereva wa malori, natafuta karatasi zao, napokea simu zao, nagombana nao na kupatana nao, yote kwa Kiswahili. Mmoja wao alinioa, sasa ni mwaka wa 4. Anachukua mzigo Mombasa kuleta Kampala, mara nyingine anaendelea hadi Juba. Kufikia Februari tulikuwa tumetafuta mtoto miezi 19.

Mke wa dereva akitafuta mtoto anajifunza hesabu ambazo wengine hawazihitaji. Mzunguko wangu ni siku 29 au 30. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwangu ni siku ya 15 au ya 16, ukiihesabu siku ya 1 kuwa ile hedhi inapoanza sawasawa. Likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume zinaweza kulingoja ndani hadi siku 5. Maana yake mume wangu anatakiwa awe ameegesha lori Malaba kati ya siku ya 11 na ya 16, asiwe kwenye foleni ya mizani ya malori Mariakani, kule karibu na Mombasa. Tulizipanga safari hivyo. Alikuwa akibadilishana mizigo na wenzake bila kuwaambia sababu.

Na siku hizo hizo ndizo damu ilizokuwa inakuja.

Hedhi yenyewe imekwisha siku ya 5, umeshasahau. Siku ya 12 au ya 13 unaona doa la kahawia kwenye nguo ya ndani, ukubwa wa sarafu ya 500. Kesho yake ni jekundu. Halafu inaendelea kidogo kidogo siku 4, siku 5, haijazi pedi lakini huwezi kutoka bila pedi. Usiku mmoja mume wangu alifika saa 4, ametoka Voi na kulala saa mbili tu njiani. Nilikuwa nimefua mashuka, nimepika samaki. Nikaingia bafuni, nikaiona. Nilikaa mle mpaka maji ya kwenye beseni yakapoa. Nilipotoka akaniuliza, "Si ulimaliza juzi?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na alfajiri akaondoka.

Wiki ile nilichukua daftari la ofisini, lile la jalada la bluu tunaloandikia namba za malori, nikachora safu 4: tarehe, siku ya mzunguko, rangi, na kama mume yupo. K ni kahawia, N ni nyekundu. Baadaye nikaongeza safu ya vile vijiti vya kupima yai kwa mkojo, ninavyonunua duka la dawa Tororo. Vijiti hivyo vinasoma homoni inayopanda saa 24 hadi 36 kabla yai halijatoka. Vyangu vilikuwa vinaonyesha mistari miwili iliyokolea siku ya 14, karibu kila mwezi. Kwa hiyo yai nilikuwa nalo. Damu ndiyo sikuielewa.

Kabla ya Mbale nilizunguka sana. Kliniki ya kwanza, aliyenipokea alisikia neno "damu" akaandika infeksheni. Hakuniangalia, hakupima kitu. Sindano siku 5 mfululizo, na vidonge vya mume ambavyo nilivituma Mombasa kwenye bahasha. Mahali pa pili walinipiga skani ya tumbo wakaandika kila kitu kiko sawa. Mahali pa tatu waliniambia homoni zimevurugika, wakanipa vidonge vya kuziweka sawa, kimoja kila jioni. Nilivimeza miezi 2. Damu ya katikati ilipungua kweli, nikashukuru Mungu. Ni Mbale ndiko nilikoonyesha pakiti ile nikaambiwa ni vidonge vya kupanga uzazi. Miezi 2, mume wangu anakimbiza lori afike siku ya 13, na mimi nameza dawa inayozuia yai lisitoke. Vina kazi yake, nesi alinieleza, na wapo wanaopewa kwa sababu nzuri. Lakini mimi nilikuwa nimesema tangu mlangoni kwamba natafuta mtoto. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniletea emumbwa, yale madongo ya mitishamba, niparuze na kunywa. Nilimshukuru nikayaweka juu ya kabati. Sikuyatumia, ila yeye ndiye pekee aliyeniuliza kama usiku napata usingizi.

Sasa Mbale. Siku ya kwanza nilipanda taksi Tororo saa 12 asubuhi, saa 2 kasoro niko kwenye ngazi zao. Mapokezi nitarudia baadaye. Nesi aliyeniita ndani ni mama wa makamo, amekulia kwenye kambi ya jeshi Tororo, ambako watu husema Kiswahili, hivyo Kiswahili chake ni cha nyumbani. Kwangu hilo si jambo dogo. Kiingereza ninacho cha kutosha kujaza fomu za forodha, lakini mambo ya mwili wangu nayajua kwa Kiswahili.

Akapima presha, akaandika uzito, halafu akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, hiyo damu inaanza siku ya ngapi?"

Katika mahali pote nilipopita hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Ya 12 au ya 13, mama."

"Unajuaje?"

Nikatoa daftari.

Alivuta kiti chake akaja upande wangu wa meza. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akawa anaishusha mstari kwa mstari, na kila alipofika kwenye K au N anagonga karatasi kwa kifuniko cha kalamu. Mizunguko 8, ukiacha ile ya vidonge. Katika 7 damu imekuja. Akaniambia wapo wanawake wanaotoa matone kidogo wakati yai linatoka, kwa kuwa homoni ya estrojeni hushuka ghafla siku zile, na hiyo haina madhara. "Lakini ile ni matone, siku 1 au 2 imekwisha. Yako inaanza kabla vijiti havijaonyesha kitu na inaendelea baada ya yai kutoka. Hii inatoka mahali. Tutapatafuta."

Kisha akanipa kikopo cha mkojo, apime mimba. Nilikasirika. Baada ya miezi 19 kipimo kile kinaumiza hata ukikishika. Hakunisukuma. Alisema tu, "Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi nayo inaanza hivi hivi, kwa damu kidogo isiyoeleweka. Siwezi kukupeleka kwa daktari kabla sijaiondoa hiyo." Nikaenda. Mstari mmoja: hakuna mimba.

Daktari ni mtu wa maneno machache, na kila kitu alikieleza kabla hajanigusa, nesi akiwa amesimama pale pale. Aliangalia shingo ya kizazi kwa taa, akaipaka siki, maana chembe zilizoanza kubadilika kuelekea saratani hugeuka nyeupe zikipakwa siki. Hapakugeuka kitu. Alichukua ute kupima klamidia, ambayo mwanamke anaweza kukaa nayo miaka bila maumivu huku inaharibu mirija. Damu ikaenda kupimwa tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, ile ya maziwa. Majibu yote yalitoka wiki iliyofuata, safi. Nilimuuliza kwa nini apime infeksheni wakati nilishachomwa sindano zote zile. Alijibu kwamba sindano bila kipimo haimwambii aliyenichoma alikuwa anatibu nini.

Halafu akachukua ile karatasi ya skani yangu ya zamani. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akauliza swali lile lile la nesi.

"Hii ilipigwa siku ya ngapi?"

Tukarudi kwenye daftari. Siku ya 22.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani kila mwanamke anayesoma hapa alijue kabla hajatoa pesa ya skani. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi haukai unene mmoja mwezi mzima. Hedhi ikiisha unakuwa mwembamba, halafu unanenepa kila siku kuandaa mahali pa mimba. Siku ya 22 umenenepa kama godoro. Kama kuna kijinyama kidogo mle ndani, kimezama, nacho kina rangi ile ile kwenye skrini. Aliyenipiga skani ile huenda alifanya kazi yake sawasawa na bado asikione. Na yangu ilipigwa juu ya tumbo, wakati picha ya karibu zaidi inapatikana kwa kile kifaa chembamba kinachopita ukeni. Daktari aliniambia nikaione hedhi, nihesabu, nirudi kati ya siku ya 6 na ya 10.

Nilirudi siku ya 8. Niliomba ruhusa kazini kwa kusema naumwa jino.

Ziara hii nitaieleza polepole kwa sababu niliiogopa mno na sikumpata mtu wa kunieleza. Unalala kama mtu anayejifungua, miguu juu. Wanaingiza mrija mwembamba, laini kama ule wa dripu, kupitia shingo ya kizazi. Kidogo unabana, kama maumivu ya siku ya kwanza ya hedhi, yanapanda mpaka kiunoni. Kisha wanapitisha maji safi ya chumvi polepole huku skani inaangalia. Mfuko wa uzazi kwa kawaida kuta zake zimelaliana, na maji yanazitenganisha. Nesi alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu, mkono wake una joto, ananiambia pumua, mwanangu, pumua kwa mdomo.

Daktari aligeuza skrini nione. Palikuwa na giza dogo lililofunguka, mfano wa kokwa ya embe. Katikati ya giza lile kulikuwa na kidole cheupe, kifupi, kimeshikilia ukuta kwa upande mmoja, na maji yakipita kinatikisika. Kikawa kinatikisika tu, taratibu. Milimita 14. Miezi 19 nimejilaumu, nimefunga, nimeacha chai ya majani, nimemkasirikia mume wangu kwa makosa ya barabara za Kenya, na kumbe kimekaa pale.

Nililia. Nesi akadhani naumia. Nikamwambia hapana, mama, nimekiona.

Wanakiita polipu. Ni nyama laini inayoota kutoka kwenye ule ukuta wa ndani, ina mishipa yake ya damu, na homoni ya estrojeni inaikuza. Ndiyo maana inaweza kutoa damu nje ya siku zake. Nyingi si saratani, hasa kwa mwanamke wa umri wangu, lakini ikishatolewa inapelekwa maabara ihakikishwe. Ndogo sana huweza kutoweka zenyewe. Kuhusu mimba daktari alikuwa mwangalifu: alisema polipu inaweza kuzuia mimba isishike, na wapo wanaoshika mimba wakiwa nayo, hivyo hawezi kuniapia kwamba ndiyo sababu pekee. Aliomba mume wangu naye apime mbegu. Mume wangu alikubali kwenye simu akiwa Mtito Andei, sikumsihi hata kidogo, na nataka ajulikane kwa hilo. Majibu yake yalitoka mazuri.

Kukiondoa kijinyama kile hawakuweza Mbale. Hawana kamera ya kuingia ndani ya mfuko wa uzazi, na hawakujifanya wanayo, jambo ninaloliheshimu. Waliniandikia barua ya Kampala yenye kurasa 2, pamoja na picha. Kule ilikuwa kazi ya asubuhi moja: usingizi mfupi, kamera nyembamba kupitia njia ile ile, hakuna kidonda tumboni. Saa 10 jioni niko kwenye basi linalopita msitu wa Mabira, nina pedi moja na njaa kali. Damu kidogo siku 3. Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki 2: si saratani.

Sasa malalamiko, maana sitaki mtu aende pale akidhani ni peponi.

Mapokezi yao ni mabaya. Binti wa pale mbele anaita shida za watu kwa sauti. Siku yangu ya kwanza benchi limejaa, waume wa watu wamekaa, naye anauliza, "Yule wa kutokwa damu ni nani?" Nilisimama kwa sababu nilitoka mbali, lakini dada aliyekuwa pembeni yangu alishuka ngazi na sikumwona tena siku ile. Nafikiri kuhusu dada yule mara nyingi. Nilimwambia nesi, nesi akasema atalifikisha, na ziara ya 4 nikasikia hali ile ile. Wana namba za karatasi pale mezani. Waite namba.

Muda nao. Unapewa saa 3, unaonwa saa 6. Kwa mtu wa Mbale si neno. Kwa anayetoka Malaba, Busia au Kapchorwa ni siku nzima ya kazi imepotea.

Na bei hawasemi mapema. Kumwona daktari nililipa shilingi 50,000 za Uganda, hiyo nilijua. Ile skani ya maji niliambiwa bei yake nikiwa tayari nimevua: 180,000. Nilikuwa na 140,000. Nesi aliongea na mhasibu nikamalizia kwa simu wiki ile, lakini hakuna mwanamke anayepaswa kupiga hesabu za deni akiwa amejifunga shuka. Bei ibandikwe ukutani. Kampala peke yake ilitugharimu milioni 2 na zaidi kidogo, pamoja na maabara, na tuliuza pikipiki.

Ukiwa huna pesa ya namna hii, usikae nyumbani kwa sababu ya tathmini yangu. Kipimo cha siki cha shingo ya kizazi kinafanyika katika vituo vingi vya serikali, ulizia kituo cha karibu nawe. Na daftari halina gharama. Andika siku, rangi, siku ngapi, kama ni baada ya tendo la ndoa, kama kuna maumivu. Nesi alinisisitizia pia mambo ambayo hayangojei miadi wala daftari: damu inayolowesha pedi kila saa, maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, maumivu ya bega pamoja na hedhi iliyochelewa. Hayo ni ya hospitali usiku huo huo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Zote 4 ni za chumba cha ndani.

Ziara ya 5, ya Juni, ilikuwa ya kuonyesha daftari tu. Nesi aliweka rula yake tena. Akaniandikia asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, niendelee nayo, na akaniambia nirudi baada ya miezi 6 kama sijashika, au mapema damu ikirudi, kwa kuwa polipu inaweza kuota tena. Hakunitoza siku ile.

Leo ni siku ya 14 ya mzunguko wa tatu tangu Kampala. Safu ya rangi haina kitu, si K wala N, kuanzia siku ya 6 mpaka leo. Kijiti cha yai cha asubuhi kimetoa mistari miwili iliyokolea. Mume wangu amepiga simu saa 9, amevuka Webuye, anasema barabara ni nyeupe.